Hindi la Nyuma ya Jiko

Mahindi mawili yamelala mkekani. Yote yametoka kwenye fungu moja la mbegu ya nyumbani, lililoning'inizwa juu ya moshi wa jiko tangu mavuno ya mwaka juzi. Moja limevunwa nyuma ya jiko, pale yanapomwagwa majivu, maganda ya ndizi na samadi ya mbuzi. Ni refu kupita shibiri, na punje zimejaa hadi nchani. La pili limetoka kwenye mteremko wa udongo mwekundu, mahali ambapo hakuna anayemwaga kitu. Ni fupi, na ncha yake ina kipara. Mwenye mahindi ameyaleta barazani na swali moja: mwaka huu nipande lipi?

Mada yetu inatokana na swali hilo: mavuno ya nafaka yamo ndani ya mbegu. Sauti za mjadala ni nne. Sikuzipa majina ya watu kwa kuwa si watu fulani. Ni hoja zinazorudi kila mwaka kati ya Kasulu na Kibondo mvua za Oktoba na Novemba zinapokaribia, nami kila hoja nimeivika kazi yake. BIBI analima mteremkoni Kasulu na huhifadhi mbegu yake mwenyewe. KIJANA anauza pembejeo Kibondo mjini. MWALIMU anafundisha baiolojia sekondari. BWANA SHAMBA ni afisa ugani wa kata. Mimi mwandishi nimekaa kiti cha MWENYEKITI, na kazi yangu ni kuhakikisha swali la Bibi halipotei njiani.

MWENYEKITI: Bibi, mahindi ni yako. Tuanzie kwako.

BIBI: Mama yangu alinifundisha hivi: ukishavuna, mwaga mahindi uani, chagua makubwa, yaliyonyooka, yasiyotobolewa na fukusi. Yafunge kwa maganda yake, yaning'inize juu ya moshi. Kubwa huzaa kubwa. Nimefanya hivyo tangu nilipoolewa. Lakini miaka hii nachagua makubwa, navuna madogo. Ndiyo maana nimekuja nayo yote mawili, mnieleze.

KIJANA: Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Najua utaniambia ninunue.

KIJANA: Nitakwambia, na sababu nitakupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mkulima wa Marekani alikuwa akivuna wastani wa tani moja na nusu hivi za mahindi kwa hekta. Kiwango hicho ndicho sisi tunachohangaika nacho hadi leo, maana miaka mingi wastani wa Tanzania haufiki tani 2. Mwenzetu sasa anavuka tani 10. Aliacha kuchagua mbegu uani, akanunua chotara. Na wala tusiende mbali. Kitale, hapo Kenya, mtafiti Michael Harrison aliyazalisha mahindi ya Kitale pamoja na mahindi ya milimani kutoka Ecuador. Mwaka 1964 ikatoka chotara iitwayo H611, ikaizidi ile mbegu ya Kitale kwa zaidi ya theluthi. Wakulima wadogo waliipokea kwa mikono miwili. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

BIBI: Na wahenga haohao walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka mmoja nilinunua mfuko, nikavuna vizuri, sikatai. Mwaka uliofuata nikapanda mahindi makubwa niliyoyachagua kwenye mavuno yale. Yakaota marefu na mafupi, mengine yamebeba, mengine matupu, kama watoto wa mama mbalimbali. Mbegu gani isiyozaa mara mbili?

MWALIMU: Mwenyekiti, naomba nijibu, lakini nianzie mkekani. Bibi, shika hilo hindi kubwa. Lizungushe, uhesabu mistari ya punje.

BIBI: (anahesabu kwa kidole gumba) Kumi na minne.

MWALIMU: Na dogo?

BIBI: (anahesabu, anarudia) Kumi na minne.

MWALIMU: Mistari ya hindi hutoka shufwa: nane, kumi na miwili, kumi na minne, kumi na sita. Viua vya hindi huzaliwa pacha kwa pacha, ndiyo sababu mistari nayo huja miwili miwili. Idadi yake hupangwa hindi likiwa bado changa, limejificha ndani ya bua, na hapo jeni ndizo zenye sauti kubwa. Sasa hesabu punje za mstari mmoja, kutoka kitakoni hadi nchani.

BIBI: Kubwa, arobaini na mbili. Dogo, ishirini na nne.

MWALIMU: Basi mjadala wetu wote uko mikononi mwako. Mistari kumi na minne mmea ulikuja nayo. Urefu wa mstari unasimulia zaidi kile mmea ulichokikuta: maji, chakula, jua, ugonjwa. Kipara cha nchani ni punje zilizoanza kutungwa zikaachwa, kwa kuwa mmea ulipiga hesabu ukaona hauwezi kuzilisha zote.

BIBI: Nimepukuchua mahindi maisha yangu yote, sikuwahi kujua hilo la mistari.

MWENYEKITI: Mwalimu, hujajibu kwa nini mbegu ya mfuko haikuzaa mara mbili.

MWALIMU: Nakuja. Jeni ni kipande cha maagizo kilichomo ndani ya kila chembe hai ya mmea. Mahindi yana makumi ya maelfu ya jeni, zimepangwa kwenye kromosomu kumi za kila upande, baba na mama. Zipo jeni chache zenye nguvu za ajabu. Babu wa mahindi ni nyasi ya Mexico iitwayo tiosinte, yenye matawi mengi na kisuke cha punje chache, kila punje imefungiwa ndani ya ganda gumu kama jiwe. Wakulima wa kusini mwa Mexico walianza kuibadili miaka 9,000 hivi iliyopita. Jeni moja iitwayo tb1 iliupunguzia mmea matawi, nguvu yote ikapanda bua moja. Nyingine, tga1, iliivua punje ganda lake. Mama zetu wa kale wa huko walifanya hayo kwa kuchagua tu, kama anavyochagua Bibi.

Lakini mavuno yenyewe, yaani uzito wa gunia, hayashikwi na jeni moja. Yanashikwa na mamia ya jeni, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo: hii mzizi, hii unene wa jani, hii siku za kuchanua, hii uvumilivu wa kiu. Na katika mahindi kila mmea una kasoro zake zilizojificha. Mzalishaji wa chotara huchukua ukoo mmoja wa mahindi, akauchavusha wenyewe kwa wenyewe vizazi sita au saba, hadi mimea yote inafanana na imekonda. Anafanya hivyo kwa ukoo wa pili. Kisha anazioza koo hizo mbili. Pale palipo na kasoro kwa baba, mama ni mzima. Palipo na kasoro kwa mama, baba ni mzima. Mtoto anatoka na nguvu kupita wazazi wote wawili. Hiyo ndiyo siri ya mfuko.

BIBI: Na nilipopanda watoto wale?

MWALIMU: Uliwaoza ndugu kwa ndugu. Kasoro zilizofunikana zikaanza kukutana. Nusu ya ule mchanganyiko wa baba na mama hupotea katika kizazi kimoja tu, na shamba linarudi kuwa la mimea mbalimbali. Mbegu haikukudanganya, ila hakuna aliyekueleza.

KIJANA: Mwenyekiti, ushahidi huo ni wangu. Mbegu ndiyo kila kitu! Tena jeni moja tu imewahi kubadili dunia. Ngano ya Kijapani Norin 10 ilikuwa na jeni za ufupi. Norman Borlaug aliziingiza kwenye ngano alizozizalisha Mexico, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mpunga nao ukafuata: mwaka 1966 taasisi ya IRRI ya Ufilipino ilitoa mbegu ya IR8, fupi kwa sababu ya jeni iitwayo sd1. Asia ikaepuka njaa.

BWANA SHAMBA: Umesema kweli, lakini umeishia nusu ya safari. Ngano na mpunga wa zamani ulikuwa mrefu. Ukiutia mbolea, suke linakuwa zito, bua linashindwa, shamba linalala chini kama limekanyagwa na ng'ombe. Jeni ya ufupi hupunguza homoni ya kurefusha bua, au huufanya mmea usiisikie. Bua fupi halilali, basi mkulima anaweza kuongeza mbolea na maji, na suke likabeba. Kwa hiyo jeni ile iliupa mmea uwezo wa kustahimili shibe. Mahali pasipo na mbolea wala maji ya kutosha, zawadi yake ilikuwa ndogo sana.

Na hayo mahindi ya Marekani uliyoyataja yana funzo lilelile. Mtafiti Donald Duvick alichukua chotara za miongo mbalimbali, za zamani na mpya, akazipanda pamoja. Mmea mmoja mmoja ukipewa nafasi ya kutosha, chotara mpya haikuzipita sana za zamani. Tofauti kubwa ilionekana zilipobanwa. Mpya zilistahimili msongamano na dhiki bila kutoa mabua matupu. Wazalishaji walidhani wanachagua hindi kubwa, kumbe jeni zilizojikusanya ni za ustahimilivu. Na alipopima, ongezeko la mavuno liligawanyika karibu nusu kwa nusu: nusu mbegu, nusu matunzo.

MWENYEKITI: Kijana, una lipi?

KIJANA: Nina swali. Kwenye bango la dukani kwangu kuna picha ya hindi nene kama chupa ya soda. Hilo nalo si ushahidi?

BWANA SHAMBA: Lilipandwa wapi?

KIJANA: Sijui. Shamba la maonyesho, nadhani.

BWANA SHAMBA: Lililotiwa mbolea ya kupandia na ya kukuzia, likapaliliwa kwa wakati, na udongo ukapimwa kwanza. Kijana wangu, hilo ni hindi la nyuma ya jiko la mtu mwingine.

BIBI: (kimya kidogo) Ngoja, Bwana Shamba. Rudia.

BWANA SHAMBA: Nasema hindi la bango limelishwa vizuri. Ukubwa wake unakuonyesha mbegu pamoja na mlo wake, huwezi kuvitenganisha kwa kutazama picha.

BIBI: Basi na langu ni hivyohivyo. Kila mwaka nikimwaga mahindi uani, makubwa ninayoyachagua yametoka nyuma ya jiko na pembezoni mwa migomba. Ya mteremkoni nayala. Miaka yote hii nilikuwa nachagua udongo nikidhani nachagua mbegu.

MWENYEKITI: Naomba wasomaji watulie hapo, kwa kuwa Bibi na Kijana waliokaa pande mbili za mkeka wamegundua kwamba walikuwa wanakosea kosa moja. Bwana Shamba, mteremko huo una nini?

BWANA SHAMBA: Nilichimba jana shambani kwa Bibi, nikang'oa mmea mmoja taratibu na kuuosha mizizi. Huu hapa. Tazameni ncha za mizizi: fupi, nene, zimevimba kama vidole vilivyokatwa, na vile vinyuzi vyembamba havipo. Sasa tazameni mmea wa nyuma ya jiko: mizizi imetandaa kama ndevu za mzee.

Milima yetu ya Buha, huku Kasulu na Kibondo, inapata mvua nyingi kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, na imenyeshewa hivyo kwa zama na zama. Mvua inasafisha chokaa na chumvichumvi zenye manufaa, udongo unabaki na tindikali. Tindikali ikizidi, alumini iliyofungwa kwenye udongo mwekundu inayeyuka. Ni alumini ileile ya sufuria. Ikiwa ngumu haina neno, ikiyeyuka ni sumu kwa ncha ya mzizi. Mzizi ukidumaa, mmea hauyafikii maji wala chakula. Tena udongo huu huikamata fosforasi na kuikatalia mimea. Nyuma ya jiko kuna majivu, na majivu hupunguza tindikali. Kuna samadi, nayo hulisha na huipunguza alumini makali. Hapo ndipo arobaini na mbili na ishirini na nne zilipoachana.

KIJANA: Basi mbegu haina nafasi kabisa?

MWALIMU: Inayo, tena hapa ndipo jeni zinapopendeza. Ipo mimea ya mahindi isiyoogopa alumini. Ncha ya mzizi wake humwaga asidi ya sitriki, jamaa ya ukali wa ndimu, ikaishika ile alumini na kuifunga kabla haijauma. Jeni inayofungua mlango huo inaitwa MATE1. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya mahindi stahimilivu yana nakala tatu za jeni hiyo badala ya moja, na mahindi hayo asili yake ni nchi zenye udongo wa tindikali. Mtama nao una jeni ya namna hiyo. Mtu akikuuliza jeni ya mavuno iko wapi, kwa Buha usimwonyeshe hindi. Mwonyeshe ncha ya mzizi.

BIBI: Jeni yenyewe siwezi kuiona uani.

MWALIMU: Huwezi. Utaiona mteremkoni tu, mmea ukiwa umesimama.

BWANA SHAMBA: Na yapo ya fosforasi. Kuna mpunga wa zamani wa India uitwao Kasalath, haupendezi machoni na soko lilishaupita. Ndani yake watafiti walikuta jeni inayokuza mizizi mapema ili itafute fosforasi, na mwaka 2012 wakaipa jina PSTOL1. Mpunga mwingi wa kisasa, uliochaguliwa kwenye mashamba yaliyoshiba mbolea, haukuwa nayo. Iliachwa njiani kwa sababu hakuna aliyeihitaji pale walipokuwa wakichagua.

BIBI: Umesikia, mjukuu wangu? Mbegu za kale zina siri.

KIJANA: Nimesikia, Bibi, lakini si kila cha kale ni dhahabu. Ugonjwa wa milia je? Majani yanaingia mistari ya njano, mmea unadumaa, hindi halipo. Mbegu za nyumbani ngapi zimeuweza?

MWALIMU: Hapo Kijana ana haki kamili. Virusi vya milia ni vya Afrika. Vilikuwa kwenye nyasi zetu kabla mahindi hayajaletwa kutoka Amerika, na wadudu wadogo wanaorukaruka juu ya majani ndio wanaovieneza. Mahindi yalikuja uwanjani bila ngao. Watafiti walitafuta mimea michache iliyohimili, wakaiunganisha jeni yake na mbegu zinazozaa. Mbegu za Tanzania kama Staha na TMV-1, zilizotoka miaka ya 1980, zilijengwa kwa ustahimilivu huo. Mkulima mmoja mmoja asingelifikia hilo peke yake. Kubaki na mbegu ya nyumbani bila kumsikiliza mtafiti ni kuiacha ngao ukutani.

BIBI: Nakubali. Lakini mnapima gunia tu. Mimi napima na ghala. Mahindi laini ya mfuko niliyopanda mwaka ule yaliingia fukusi mapema sana. Yangu ni magumu, hata kinu kinajua. Gunia kumi shambani zikibaki sita ghalani, nimevuna ngapi? Na ladha ya ugali mnaipima kwa mizani gani?

BWANA SHAMBA: Ugumu wa punje nao ni jeni, Bibi, na ni haki yako kuudai. Lishe pia. Miaka ya 1960 huko Marekani iligundulika jeni ya mahindi inayoboresha protini, ila punje zilitoka laini, nyepesi, zinazopendwa na wadudu. Iliwachukua wazalishaji miaka mingi kurudisha ugumu bila kupoteza lishe. Hatimaye Tanzania tukapata mbegu za jamii hiyo zinazoitwa Lishe. Kila jeni ina gharama yake, na mkulima lazima awe mezani wakati wa kuamua ipi ilipwe.

BIBI: Na hizi za GMO zinazosemwa? Duka la Kijana linauza?

KIJANA: Hapana, Bibi. Chotara si GMO. Chotara ni ndoa ya mahindi kwa mahindi.

MWALIMU: GMO ni mmea uliopandikizwa jeni maabara, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kingine. Tanzania ilipanda majaribio ya mahindi ya namna hiyo Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, chini ya ulinzi, kwa ajili ya ukame. Mwaka 2021 wizara ya kilimo ikatangaza kuyasitisha. Mjadala huo una haki yake, lakini usitumike kumtisha mtu asinunue chotara, wala kumfanya adharau yale yanayowezekana leo kwa jembe na kamba.

MWENYEKITI: Jembe na kamba. Bwana Shamba, tupe hayo.

BWANA SHAMBA: Kwanza, mbegu ya nyumbani ichaguliwe shambani, isichaguliwe uani. Mahindi yakiwa yamesimama, ligawe shamba la mteremkoni kwa macho katika vipande, kama unavyogawa kitenge. Katika kila kipande tafuta mimea michache iliyowazidi majirani zake wa palepale. Iwe imezungukwa na wenzake pande zote. Ulio pembeni au kwenye kichuguu uache, maana huo umekula peke yake. Usiwe na milia, usiwe umelala, hindi lake liwe limejaa na limefunikwa na maganda. Funga kamba kwenye bua. Siku ya kuvuna, yenye kamba yaende kapu lake. Yasipungue mia moja, ili usije ukawaoza ndugu.

Pili, hindi moja lina baba wengi. Kila unywele wa ndevu ni njia ya punje moja, na chavua huletwa na upepo. Jirani akipanda chotara karibu, chavua yake inaingia kwako. Mbegu yako ichukue katikati ya shamba, mbali na mpaka, au upande wiki tatu au zaidi kabla au baada yake.

BIBI: Ulezi haunisumbui hivyo. Mbegu ya ulezi ni ileile ya mama yangu.

MWALIMU: Kwa sababu ulezi hujichavusha wenyewe, na mtama na mpunga kwa sehemu kubwa. Mtoto anafuata mzazi. Isitoshe, mtama na ulezi ni wazaliwa wa Afrika. Uhifadhi, Bibi, usiuache.

BWANA SHAMBA: Tatu, kwa asiyetaka kununua kila mwaka, zipo mbegu bora za uchavushaji huria, ambazo unaweza kuzirudia misimu michache. Vipo pia vikundi vya wakulima vinavyosajiliwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora na kuziuza katika eneo lao. Ukinunua chochote, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na udai risiti. Nne, udongo. Mbegu yoyote ile, ya Bibi au ya Kijana, itadaiwa na mteremko huu. Pima udongo. Tumia chokaa ya kilimo inapopatikana, samadi, majivu. Mbolea ya Minjingu inatokana na mwamba wa fosfeti, na mwamba huo huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wa tindikali kama wetu.

KIJANA: Nami niongeze la tano, na liniwajibishe. Mwaka huu nitatoa vibaba vitatu vya mbegu: chotara mbili na moja ya huria. Bibi atoe ya kwake. Tuzipande mteremkoni, mistari kwa mistari, nusu ya kila moja ipate samadi, nusu isipate. Tupime kwa debe mchana kweupe, na wanakijiji waone. Itakayoshinda nusu isiyo na kitu na itakayoshinda nusu yenye samadi, nitaziandika ubaoni dukani. Bango nitaliondoa.

BIBI: Na nusu zote mbili zikishindwa na yangu?

KIJANA: Nitakuja kuomba mbegu kwako, Bibi.

BIBI: Na nikishindwa, nitakuja dukani. Lakini yangu sitaitupa. Nitabakiza chungu kimoja.

MWENYEKITI: Mjadala nautia kikomo, na mada naisahihisha kwa yaliyosemwa. Mavuno hayamo ndani ya mbegu kama maji yalivyomo mtungini, ambayo ukiinamisha tu yanatoka. Ndani ya mbegu mna uwezo wa kukabili mahali fulani. Jeni ya ufupi ilikabili shibe, MATE1 inakabili alumini, ustahimilivu wa milia unakabili virusi vya nyasi zetu. Ukiuliza mbegu ipi ni bora bila kusema itapandwa wapi, swali lako halijakamilika, hata ukimwuliza profesa.

Kutokana na hilo natoa madai mawili, na nayatoa kwa moyo wote. La kwanza ni kwa watafiti na wauzaji: mbegu itakayouzwa Kasulu na Kibondo ijaribiwe kwenye miteremko ya Kasulu na Kibondo, pamoja na ile isiyo na mbolea, kwa sababu huko ndiko mkulima wetu aliko. Mbegu iliyoshinda kwenye shamba lililoshiba imetuambia nusu tu ya habari zake. La pili ni kwetu sote: kabla chungu cha mwisho cha mbegu ya nyumbani hakijapikwa, kibaba kimoja cha mbegu hiyo kifike kwenye benki ya taifa ya nasaba za mimea iliyoko Arusha, na kingine kibaki juu ya moshi. Nyanda hizi zimepokea mahindi yake kwa njia nyingi, pamoja na mafundo ya khanga ya watu waliovuka mipaka ya Burundi na Kongo. Mbegu iliyodumu kwenye udongo mkali kwa miongo imefanyiwa mtihani ambao hakuna maabara iliyoulipia. Mpunga wa Kasalath ulingoja hadi mtu akaja kuutafuta. Ungekuwa umeliwa, asingekuta kitu.

Limebaki swali la Bibi. Mwalimu alimwambia kwamba kati ya mahindi haya mawili pekee hakuna awezaye kuapa lipi lina jeni bora, kwa kuwa hayakula meza moja. La nyuma ya jiko lazima lilinganishwe na la nyuma ya jiko, la mteremkoni na la mteremkoni. Bibi aliyatazama tena, akaliweka kubwa kando kwa ajili ya chakula cha jioni. Dogo alilishika muda mrefu zaidi, akapitisha kidole juu ya kipara chake, akauliza kama wenzake wa mstari uleule wa shamba walikuwa na kipara kikubwa zaidi.

Bwana Shamba alisema ndiyo, wengi wao.

Akalifunga kwa maganda yake, akaondoka nalo.